Mvua Isiyokuwa na Bati

Imekuwa kama sharia baina ya vijana wanaotengeneza podikasti katika miji yetu, na zaidi baina ya walimu wao wanaowafundisha kazi hiyo kwa ujira, kwamba mtu mwenye akili timamu hapotezi saa zake kutengeneza kiashirio cha kipindi chake wala milio ya kukolezea masimulizi yake, maadamu vitu hivyo vimejaa tele katika maghala ya intaneti, vingine vya bure na vingine kwa bei ya sahani ya pilau, tena vimerekodiwa na mafundi wenye vyombo ambavyo wengi wetu hatujapata kuviona ila katika picha. Rai hii imesemwa mara nyingi mno, na imesemwa kwa sauti ya yakini, hata imekuwa taabu kumpata mtu wa kuuliza kama ina ukweli. Mimi nakusudia kuipinga. Lakini insafu yanilazimu nikiri kwanza kwamba kwa muda wa miaka 2 nilikuwa mfuasi wake mtiifu, nikiitetea barazani na kuitumikia kazini, mpaka siku niliyoaibishwa nayo mbele ya shangazi yangu.

Tulikuwa tumetengeneza, mimi na mwenzangu mmoja, kipindi cha dakika 28 juu ya masika ya Tanga, na ndani yake palikuwa na mahali ambapo msimulizi hunyamaza, mvua ikaingia peke yake na kukaa kitako, muda wa kumtosha msikilizaji kutamani shuka. Mvua hiyo tuliipakua ghalani. Ilikuwa mvua safi, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, pana kushoto na kulia, na kwa masikio yetu ya wakati ule ilizipita kwa uzuri mvua zote zilizopata kutunyeshea. Nikaipeleka kwa shangazi, ambaye amekaa Ngamiani, mtaa wa Tanga, tangu alipoolewa, naye akaisikiliza kwa simu iliyolazwa juu ya mkeka, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa.

“Umeionaje, shangazi?” nikauliza.

“Maneno mazuri, mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini mvua hii imenyesha wapi?”

“Hapa hapa, shangazi. Ndiyo masika yetu.”

“Basi mbona haina bati?” akasema. “Mvua ya hapa huanza na bati. Halafu na huyo ndege anayelia humo ndani, mimi simjui. Ndege wa hapa, mvua ikishika, hunyamaza kimya.”

Nilirudi kwangu, nikavaa spika za masikioni, nikamtafuta ndege huyo, nikampata: mlio mwembamba, mara 3, nyuma ya matone, wa ndege ambaye hajapata kutua juu ya mwembe wa Tanga. Alikuwamo humo tangu siku ya kwanza, nami niliyeihariri mvua ile kwa usiku 2 mzima mzima sikumsikia, ilhali mwanamke aliyepita umri wa miaka 70, na ambaye neno podikasti kwake ni kama jina la dawa, alimsikia mara moja akamkana.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu, na ndiyo nguzo wanayoiegemea zaidi, ni kwamba msikilizaji hatambui. Mvua ni mvua, mlango ni mlango, gari ni gari. Nani ataketi apambanue tone la Ulaya na tone la Afrika? Hoja hii ina kosa moja, nalo ni kosa la kudhani kwamba mtu asiyeweza kukitaja kitu kwa jina lake hakihisi kitu hicho. Msikilizaji wetu hatakuandikia barua akuambie kwamba mlango uliofunguka katika hadithi yako ni mlango wenye kitasa cha duara na bawaba zilizotiwa mafuta, wala si mlango wa mbao wenye komeo. Lakini tangu mlango huo ulipofunguka amekwisha kutoka katika nyumba uliyomjengea, na maneno yako yaliyobaki anayasikiliza akiwa nje. Wenzetu wa Hollywood walitutangulia katika mchezo huu, na sisi ndio tuliokuwa tukichezewa. Katika sinema za Tarzan za miaka ya 1930, msitu ambao watazamaji waliambiwa ni wa Afrika ulitiwa kicheko cha ndege aitwaye kookaburra, ambaye kwao ni Australia, na ambaye hakuna mzee wa Afrika aliyepata kumwona akila mdudu katika shamba lake. Na kicheko hicho kilirudiwa katika sinema baada ya sinema hata mamilioni ya watu wakaamini kwamba hivyo ndivyo Afrika inavyocheka. Tuliyacheka mambo hayo, na wengine wetu tuliyakasirikia, tukaandika makala za ukali. Sasa tumekaa wenyewe mbele ya tarakilishi zetu, hakuna aliyetushika mkono, nasi tunamtia ndege wa watu katika mvua yetu kwa ridhaa yetu, na kulipa juu.

Tena si kweli hata kidogo kwamba sikio la watu wote limelala. Uko ukelele mmoja wa mtu anayeumia, uliorekodiwa kwa sinema ya mwaka 1951 iitwayo Distant Drums, ambao mafundi waliubatiza baadaye jina la Wilhelm, na ambao tangu siku hizo umetiwa katika mamia ya sinema. Leo wako watu chungu nzima ambao, mtu akianguka kutoka juu ya ukuta katika sinema, hawamhurumii anayeanguka bali hutabasamu kwa kuutambua ukelele. Hiyo ndiyo adhabu ya mlio wa ghalani. Huanza kwa kutotambulikana, ukaishia kwa kutambulikana mno. Na katika mwanzo wake na mwisho wake hapana hata siku moja uliyokuwa wako.

Wako pia wasemao, na hawa huvaa kilemba cha uzalendo, kwamba mambo ya viashirio, ambavyo studioni huitwa jingo, ni bidaa iliyoletwa na redio za kigeni, na kwamba mtu akitaka kuifanya hana budi kuifanya kama wenyewe walivyoifanya, kwa vinanda vyao na kwa kung'arisha kwao, au aiache kabisa. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni tamu, na kwa sababu ujinga uliomo katika dai hilo unaumiza zaidi kuliko mwingine. Wazee waliposema kwamba la mgambo likilia lina jambo, walikuwa wametoa fasili ya kiashirio ambayo hakuna chuo cha utangazaji kilichopata kutoa iliyo fupi au timamu kuliko hiyo: ni mlio usiokuwa na maneno, unaojulikana na watu wote wa mahali, unaowaambia kwamba kabla ya kusemwa lolote, jambo lipo. Katika makumbusho ya Lamu zimewekwa siwa 2, moja ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na nyingine ya shaba, ambazo zamani hazikupulizwa ovyo ovyo bali kwa harusi na shughuli za watu wenye nasaba zao. Na mtu wa mji aliposikia siwa hakuhitaji kuambiwa ni nani anayeoa wala mambo haya ni ya ukoo gani.

Lakini tuwaache watu wa nasaba, tushuke njiani. Muuza kahawa wa mwambao, awe wa Tanga, wa Mombasa au wa Unguja, hanadi bidhaa yake kwa maneno. Mkono mmoja umebeba dele lenye makaa chini yake, na mkono wa pili umeshika vikombe vya kauri ambavyo huvigonganisha kwa vidole, na mgongano huo ni wake yeye, una mwendo wake na pumzi zake, hata watu waliomo ndani ya nyumba wakausikia wakajua kama aliyepita ni fulani au ni yule mwenzake wa mtaa wa pili ambaye kahawa yake ina tangawizi nyingi. Mng'arisha viatu hugonga kasha lake kwa mgongo wa brashi. Muuza sigara na pipi wa Dar es Salaam hutikisa sarafu katika kiganja, mtikiso mkavu unaopenya kelele za magari yote ya kituoni. Kijana anayepaka rangi za kucha hugonganisha vichupa vyake. Na utingo wa daladala hupiga bodi kwa kiganja, na dereva akaelewa bila kugeuka. Watu hawa wote ni watunzi wa viashirio, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kutafuta mlio wake mahali pengine mbali na kile alichokishika mkononi. Muuza kahawa hutumia vikombe kwa kuwa anauza kahawa. Angepita akitikisa manyanga pengine angesikika mbali zaidi, lakini watu wangetoka nje wakitazamia ngoma.

Na hizo redio za kigeni ambazo tunaambiwa tuzifuate, zilifanyaje? Shirika la NBC la Marekani lilijitambulisha kwa noti 3 tu, ambazo siku za mwanzo ziligongwa na mtangazaji mwenyewe, kwa nyundo ndogo, juu ya kengele za namna ile iliyotumika kuwaitia watu mezani kwa chakula. Na mwaka 1950 noti hizo zikaandikishwa kuwa alama ya biashara, zikawa mlio wa kwanza kupewa heshima hiyo katika nchi ile. Kengele ya chakula! Si okestra, si mashine ya ajabu. Kwetu nako Radio Tanzania Dar es Salaam, ilipotaka taarifa yake ya habari ijulikane kabla ya msomaji kufungua kinywa, haikuagiza tarumbeta za ng'ambo. Ilitumia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, aliyekuwa kipofu na aliyezikabili ngoma nyingi peke yake kama mtu mwenye mikono 6, na mapigo yake yakawa amri ya kimya katika nyumba ambazo watoto hawakuwa na desturi ya kunyamaza. Mtu wa rika langu akizisikia ngoma zile leo, hata awe katikati ya ugomvi, hushusha sauti. Nani kati ya walimu wetu wa podikasti ameuza kiashirio chenye nguvu kama hiyo kwa bei ya sahani ya pilau?

Nakuja kwenye hoja ya vyombo. Husemwa kwamba hatuna studio, hatuna maikrofoni za bei kubwa, kuta zetu zinarudisha mwangwi, na jirani anachomelea vyuma. Kwa hiyo tukijitengenezea milio itakuwa dhalili, na uhafifu wake utatuaibisha. Kasoro ya hoja hii ni kwamba historia yote ya ufundi huu inaikana. Jack Foley, ambaye jina lake ndilo walilopewa mafundi wa milio katika sinema mpaka leo, alianza kazi hiyo katika studio za Universal mara sinema zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, na zana zake zilikuwa viatu, fimbo, vitambaa na miguu yake mwenyewe, akitembea papo hapo kulingana na mwendo wa mchezaji anayemwona juu ya pazia. Mwaka 1963, katika karakana ya milio ya BBC iliyoanzishwa mwaka 1958 huko London, Delia Derbyshire aliugeuza muziki ulioandikwa na Ron Grainer kuwa kiashirio cha mchezo wa Doctor Who, na ile sauti nzito iendayo chini yake aliitoa katika uzi mmoja uliodonolewa, akaurekodi, akaukata utepe kwa wembe na kuuunga kipande kwa kipande, noti baada ya noti. Na simu iliyomo katika mfuko wa kijana anayenilalamikia juu ya vyombo ina uwezo wa kuhifadhi na kukata sauti ambao bibi yule na wembe wake hawakuuota.

Kisha kuna kichekesho ambacho sijaweza kukinyamazia. Kwato za farasi, zile zinazokwenda mbio katika tamthilia na michezo ya redio ya Ulaya, kwa desturi ya miaka na miaka zilikuwa ni vifuu 2 vya nazi vinavyogongwa juu ya ubao au kasha la mchanga. Vifuu vya nazi! Watu wa mwambao, ambao jikoni mwao hamkosi kifuu nyuma ya mlango, leo wanalipia kwa kadi ya benki ili wapakue kutoka nchi zisizoota mnazi mlio wa kifuu. Sijapata kusikia biashara ya hasara kama hiyo tangu zile hadithi za mtu aliyenunua kivuli cha mwembe wake mwenyewe.

Jikoni humo humo mna zaidi. Mafuta ya vitumbua yanapochemka katika karai, ukiyasikiliza umefumba macho, ni mvua inayokaribia. Kunde kavu zikizungushwa polepole juu ya ungo ni mawimbi yanayorudi baharini. Kanga ikipungwa kwa nguvu karibu na sikio ni mabawa. Karatasi ya nailoni ya kufungia biskuti ikifinyangwa ni moto wa kuni mbichi. Na mbuzi ya kukunia nazi ina mkwaruzo ambao mwenzangu, mwenye sikio la muziki kuliko mimi, aliufanya kuwa mpigo wa kutembeza kiashirio chetu. Kwa habari ya vyumba vyenye mwangwi, fungua kabati la nguo, zisukume nguo kando, ingiza kichwa na simu; hakuna ukuta wa studio unaomeza sauti vizuri kama makanzu na mabuibui yaliyotundikwa pamoja. Zima feni na friji, ivishe simu soksi nene ukiwa nje penye upepo, usiache sauti ikafika kileleni ikapasuka, na kabla hujaondoka rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali pale, maana kila chumba kina ukimya wake na utauhitaji wakati wa kuunga. Programu ya kuhariri, nayo ni Audacity, imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000. Hayo ndiyo yote kwa upande wa ghali na rahisi, na sioni sababu ya kuendelea nayo.

Ila siku tuliyorekodi vikombe nitaisimulia, kwa kuwa ilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Tulimwendea muuza kahawa wa mtaani kwetu baada ya isha, tukamlipia kahawa ya baraza nzima ili watu wasituone wapuuzi, tukamwomba agonganishe vikombe. Mara ya kwanza ikapita bodaboda. Mara ya pili watoto walizunguka wakacheka. Mara ya tatu palikuwa shwari, lakini bwana yule, aliyegonga vikombe hivyo kwa miaka 20 bila kufikiri, aligonga kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti: taratibu, sawasawa, hana uhai. Tukaiweka simu chini, tukazungumza habari za mpira. Alipotusahau akawa anamimina na kugonga kama kawaida yake, na nyuma yake ikapita kengele ya baiskeli, maana Tanga bila baiskeli si Tanga. Nasi tulikuwa hatujaizima simu. Bila shaka tulimwomba idhini baadaye, akacheka sana akataka kusikia. Sekunde 7 hizo ndizo zilizoongezwa mkwaruzo wa mbuzi na kipigo kimoja cha mchi katika kinu, na ndizo zinazofungua kipindi chetu mpaka hivi leo. Kwa kipimo cha wenye maghala sauti ile ina dosari: si safi. Nami nimekuja kuamini kwamba hiyo wanayoiita usafi, aghalabu, si kitu kingine ila ni mlio uliofutwa kwao ulikotoka, kama mtu aliyenyang'anywa lafudhi yake ili akubaliwe na kila mwajiri.

Hapa msomaji mkali atanikamata, na ana haki ya kunikamata. Ataniuliza: wewe uliyeanza kwa kulalamika kwamba mvua ya ghalani ilikuwa ya uongo, sasa unatufundisha kukaanga vitumbua na kuviita mvua? Kunde juu ya ungo ni bahari? Ipi basi tofauti ya uongo wako na uongo wa ghalani? Tofauti ipo, na ni kubwa. Fundi anayezungusha kunde juu ya ungo lazima kwanza awe ameisikia bahari. Huzungusha, husikiliza, hukataa, huongeza kunde, hupunguza, mpaka kile kilichomo katika ungo kikubaliane na kile kilichomo katika kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo ni ya pwani fulani, yenye mchanga au yenye mawe, aliyokanyaga kwa miguu yake. Amedanganya sikio la msikilizaji kwa ajili ya kumpa kweli ya mahali, kama bibi anayesimulia hadithi akiikunja sauti kuwa sungura, na hakuna mjukuu aliyemwita mwongo. Anayepakua hakusikia chochote; alisoma neno mvua chini ya picha, akabonyeza. Huyo hata hakudanganya; hakusema kitu.

Walakini nakubali kwamba kuna mpaka usiovukwa. Katika habari, katika ushuhuda wa mtu juu ya jambo lililompata, katika mahojiano juu ya msiba au mashitaka, haijuzu kutia mlio wa kutengenezwa hata ukiwa umetengenezwa kwa ustadi wa namna gani, kwa kuwa pale msikilizaji hachukui mlio kuwa ni sanaa bali ni ithibati, na mwenye kumpa kifuu mahali pa kwato katika ithibati ni mghushi, hata akiwa amekunywa tui la nazi hiyo hiyo. Katika habari, kama hukurekodi, nyamaza. Nasikitika kusema kwamba nimesikia podikasti za habari zikitiwa ving'ora na vilio kutoka ghalani chini ya sauti ya mama anayesimulia alivyompoteza mtoto, na sioni neno la upole la kuliita jambo hilo.

Juu ya wakati sitasema mengi. Kiashirio chetu kilichukua jioni 3, na kimefungua vipindi 43; mwenye kupenda hesabu na agawanye. Kinyume chake, nimewaona vijana wakipekua maghala usiku kucha, wakisikiliza milango 200 ili wapate mmoja unaokaribia mlango ambao uko nyuma ya migongo yao, na ambao wangeufungua na kuufunga kwa dakika moja. Na hao wanaojisifu kwa vya bure, wengi wao hawajasoma masharti. BBC ilipoifungulia dunia akiba yake ya milio zaidi ya 16,000 mwaka 2018, iliifungua kwa matumizi ya mtu binafsi, ya masomo na ya utafiti. Mwenye kipindi cha biashara hakualikwa bila malipo. Freesound, ghala lililoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, lina milio ambayo kila mmoja una masharti yake: mmoja hauna sharti lolote, wa pili unataka mtungaji atajwe, wa tatu unakataza biashara, na kijana aliyepakua mlio leo kwa ajili ya kuwachekesha rafiki zake, mwakani akapata mdhamini wa kuuza sabuni, hakumbuki tena upi ni upi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ubaya wake ni kwamba huvuliwa siku ya karamu.

Kwa habari ya mlio na mwenyewe, husimuliwa kisa cha John Dennis wa London, mtunzi wa tamthilia asiyekuwa na bahati, ambaye mwaka 1709 alibuni namna mpya ya kuigiza radi jukwaani kwa ajili ya tamthilia yake. Tamthilia ilianguka ikaondolewa. Na baada ya muda mfupi, akiwa ameketi katika jumba lile lile akitazama Macbeth ya Shakespeare, aliisikia radi yake ikinguruma, akasimama akapiga kelele kwamba watu hawa wameukataa mchezo wake na wameichukua radi yake. Watu humcheka Dennis. Mimi, kila nikikumbuka kwamba katika mchezo wake wote kilichostahili kuibwa ni mlio alioutengeneza mwenyewe, namwonea wivu kidogo.

Nisije nikadhaniwa kwamba naamuru kila mtu atengeneze kila kitu. Mlio wa bunduki, wa simba, wa ndege inayoanguka, mtu akiuazima kwa idhini sitamlaumu. Wala sitaki kijana avunje mguu kwa ajili ya kurekodi mguu unaovunjika, maana karoti ya kuvunja ipo. Tena si kila kilichotengenezwa nyumbani ni kizuri. Viko viashirio vya kienyeji vya nusu dakika nzima, vyenye king'ora, mlipuko, na jina la kipindi likitamkwa mara 4 kwa mwangwi na mtu aliyejikaza koo, ambavyo vinanifanya nitamani ghala. Hiyo si hoja dhidi ya kutengeneza. Ni hoja dhidi ya kutokuwa na haya. Na kwa hao wanaoniambia kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati, kwa sababu akili mnemba sasa hutoa mvua kwa kuandikiwa sentensi moja, jibu langu ni kwamba nimeijaribu, nikaiandikia kabisa kwamba nataka mvua juu ya bati, na ikanipa bati. Lilikuwa bati la wote na la hakuna mtu, lisilokuwa na pale penye msumari uliolegea, ambapo tone hulia tofauti, na ambapo kila mtoto wa Ngamiani amelala akipahesabia usingizi.

Masika yalipokuja, nilikwenda kwa shangazi nikiwa na simu iliyovishwa soksi, nikalala ukumbini usiku 4 nikingojea, na usiku wa tano mvua ikaja, kwanza kwenye bati, halafu kwenye mgomba wa nyuma, halafu katika ndoo iliyowekwa chini ya mfereji. Mvua hiyo tuliitia katika kipindi kilichofuata. Sikutegemea kupata majibu mengi, kwa kuwa watu wetu husikiliza wakanyamaza. Lakini yalikuja majibu kutoka Maskati, ya mtu ambaye wazee wake walitoka pwani hii na ambaye mwenyewe aliondoka Tanga akiwa kijana mdogo. Maneno ya kipindi, ambayo niliyaandika kwa siku 6 na kuyafuta mara 3, hakuyataja hata kwa herufi moja. Aliuliza kama yawezekana tumpelekee sekunde zile 7 za mwanzo, za vikombe na baiskeli, na kile kipande cha mvua, peke yake, bila sisi kusema juu yake. Tulimpelekea usiku ule ule.